Mguu wa Malkia wa Mavuno

Velka, Nebraska
11 Februari 1951

Mdogo wangu Ludmila,

Salamu zikukute hapo kwenye jua lako. Sisi huku theluji imetufunika hadi madirishani, lakini tunapumua. Mama magoti yanamsumbua. Anasema yanajua habari za dhoruba kabla ya redio. Hedvika wangu meno mawili ya mbele yamemng'oka, na sasa akisali anapiga mluzi. Shemeji yako Ota anakusalimu sana, tena sana kuliko inavyohitajika.

Ngoja nikueleze. Ile kalenda yako, ambamo umepanda ngazi kuchuma cheri ukiwa na nguo ya kuogelea, Ota ameitundika gereji juu ya meza ya spana. Wenye malori sasa wanaacha barabara kuu, wanakuja maili sita kubadilisha oili ambayo haijachafuka. "Kweli huyu ni shemeji yako?" wanamwuliza. "Wa damu kabisa," anajibu. Tangu lini shemeji akawa wa damu? Juzi nilimpelekea chakula cha mchana. Dereva mmoja akanitazama, akaitazama kalenda, akanitazama tena, akasema, "Na wewe mama, unamfahamu?" Mama! Nimekuzidi miaka sita tu, Ludmila.

Nani anachuma cheri kavaa hivyo? Nyuki wangekumaliza.

Mama naye picha yako ameiweka sebuleni karibu na Bikira Maria. Ya harusi yangu imehamia kwenye korido, kwenye vigingi vya makoti. Alisema nafasi haitoshi.

Dukani wanasema mwezi wa nne utatoka kwenye gazeti la sinema, kurasa nne nzima. Mama ameshanunua miwani mipya, ingawa Kiingereza kusoma hajui. Nitamsomea mimi, kama kawaida.

Dada yako,
Bozena


Hollywood, California
6 Machi 1951

Shikamoo dada,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili nikicheka. Mimi nipo, afya ninayo, ila njaa. Wananipa majani na yai la kuchemsha, na jana nimeota kolache za Mama, zile keki za plamu, nikaamka natafuna shuka.

Usidhani ngazi ile ni raha. Nilikaa juu yake kwa saa tatu, cheri zenyewe ni za nta zimefungwa kwa waya, na taa zilikuwa kali hadi nta ikaanza kunidondokea begani. Nywele wanazichoma kwa dawa kila Alhamisi ziwe nyeupe. Filamu hii mpya nina sentensi mbili. Nafungua mlango, nasema, "Bwana hayupo, lakini mimi nipo." Mpelelezi ananitazama miguu, nami natoka. Miguu yangu wameikatia bima, dada, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama inauma.

Kuhusu hilo gazeti: mambo yote hupangwa na Bwana Fenwick, mtu wa matangazo wa studio. Wakiandika mambo ya ajabu ajabu usiyaweke moyoni. Na Mama si lazima asomewe kila neno. Tafadhali.

Nimekutumia gauni la kijani, hariri tupu. Niambie, Ota bado anapiga akodiani Jumamosi? Hedvika amefanana na nani? Chumba chetu siku hizi analala nani?

Mdogo wako,
Ludmila (huku hata mpishi ananiita Corinne)


Velka
29 Aprili 1951

Ludmila,

Wote wazima. Theluji imeyeyuka na kuku wameanza kutaga. Gauni lilifika. Halinienei, nimempa binti wa posta.

Gazeti lilikuja Jumanne. Mama alivaa nguo ya kanisani ili alisikilize, akakaa mikono mapajani kama anayepigwa picha. Mimi nikawa nasoma Kiingereza kimoyomoyo, namwambia kwa Kicheki. Ukurasa wa kwanza ulikuwa macho yako tu. Wa pili ulianza hivi: "Corinne Vale, yatima asiye na ndugu hata mmoja, ana umri wa miaka ishirini na moja..."

Nikageuza ukurasa, nikaurudisha.

"Endelea," Mama akasema. "Wanasema nini?"

"Wanasema umezaa mtoto mzuri."

"Hilo nalijua. Endelea."

Nikaendelea. Kwamba ukiwa na miaka kumi na sita ulichaguliwa Malkia wa Mavuno wa wilaya. Kwamba jukwaa lilibomoka katikati ya wimbo, mguu wako ukavunjika, nawe ukashika nguzo ukaimba mpaka ubeti wa mwisho, ndipo ukakubali wakubebe. Kwamba wanaume wazima walivua kofia wakalia.

Mguu upi, Ludmila? Wa kulia au wa kushoto? Kwa sababu wangu ni wa kushoto. Uliungwa vibaya, na kila asubuhi nikishuka kitandani unanisalimu kabla ya mume wangu. Barua ya bendi ya Omaha ilinikuta na plasta hadi kiunoni. Walitaka mwimbaji wa mwezi ule ule, hawakungoja. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na siku ile kazi yako ilikuwa kunishikia koti.

Sasa Amerika nzima inaangalia kalenda kutafuta mguu ulipovunjika, wanaambizana, tazama ulivyopona vizuri!

Ungenifuta tu, ningenyamaza. Tumeshazoea kuwa hatupo. Lakini umenifuta, halafu ukavaa nilichoacha.

Mama nilimwambia umeandika kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kuimba. Alilia kwa furaha, akaomba nirudie. Nikarudia. Kwa hiyo na mimi sasa ni mwongo, mwalimu wangu wewe.

Bozena


Hollywood
2 Agosti 1951

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mahindi yamesimama vizuri na Mama hajambo. Nisamehe kukawia, tulikuwa jangwani kupiga filamu, na posta kule ni ya kubahatisha.

Mambo yale yaliandikwa na Bwana Fenwick. Waandishi huandika wanavyotaka, nami sikuonyeshwa kabla. Usikasirike, utaumwa kichwa bure.

Namtumia Mama redio mpya. Inashika hadi Chicago. Mbusu kwa niaba yangu.

Wako,
L.


Velka
18 Novemba 1951

Mpendwa Ludmila,

Tunakushukuru kwa redio. Inalia vizuri. Mama amepata kikohozi kilichoteremka kifuani, daktari amekuja mara mbili, na padri mara moja, lakini usiogope, leo ameomba supu. Ota amenunua mashine ya kuinulia magari. Hedvika anajifunza fidla, na mbwa amehama nyumba.

Wiki iliyopita tulipata mgeni, Bwana Trask, mwandishi wa gazeti moja la New York. Alikuwa na viatu vyembamba mno kwa matope yetu. Alikunywa kahawa, akala kolache nne. Tulizungumza habari za hali ya hewa.

Sina zaidi.

Bozena


Hollywood
20 Aprili 1952

Dada Bozena,

Mama vipi? Hilo kwanza. Nilimtumia padri simu ya maandishi mwezi wa kwanza, akanijibu kwamba mapafu yake yamesafika. Wewe hukuniandikia, nami sikukuandikia, na miezi mitano imepita.

Makala ya Trask ilitoka Januari. "Yatima Mwenye Mama" ndiyo waliyoiita. Jina letu, umri wangu, nyumba yetu na bati lake, mama mzee anayenisubiri aliyezikwa gazetini angali hai. Bwana Fenwick aliniita ofisini akaiweka mezani.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mama yako anazungumza lugha gani?"

"Kicheki."

Akashika kichwa. "Mwaka huu wa elfu moja mia tisa hamsini na mbili! Watu wanatafuta wakomunisti chini ya vitanda, wewe unaniletea mama wa Kicheki!"

Nikamwambia Mama hamjui mkomunisti hata mmoja, anamjua padri na kuku wake. Hakucheka. Vyama vya akina mama vilileta barua magunia mawili. Hakuna aliyejali umri; walichoshindwa kunisamehe ni kumkana mama, na sina la kuwajibu, kwa sababu wana haki. Mkataba wangu huhuishwa kila baada ya miezi sita. Machi haukuhuishwa. Chumba changu cha kuvalia alikuwa ameshaingia msichana mwingine kabla sijamaliza kutoa viatu.

Najua ni wewe. Trask aliandika kwamba utotoni nilikuwa navaa viatu vya dada yangu kwa siri, nikivijaza maganda ya mahindi visinivuke. Hilo Mama halijui. Halijui mtu yeyote isipokuwa wewe uliyenikuta nimesimama navyo mbele ya kioo.

Sikuandikii kukugombeza. Nimechoka, nataka nikwambie lile nililolikwepa Agosti. Si Fenwick aliyeandika habari zile. Ni mimi niliyempa. Alikaa na kalamu yake akasema, "Haya, tuambie, ulipata kufanya nini cha kukumbukwa?" Nikafikiri. Dada, sikuwa na kitu. Nilikuwa msichana aliyeshika koti. Akagonga kalamu mezani, akatazama saa. Nikafungua mdomo, ukatoka wewe.

Yatima lilikuwa wazo lake. Mguu ulikuwa wangu mimi.

Unadhani nilisahau siku ile? Nilikuwa nimekaa juu ya gurudumu la trekta. Nilikuona umeshika nguzo, uso mweupe, unaimba. Baba, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kulia hata kwenye mazishi, alikuwa anapangusa macho na kofia. Mama alikuwa anapiga magoti kwenye majani makavu. Kila mtu niliyempenda alikuwa anakutazama wewe. Nikatamani mguu uliovunjika uwe wangu. Nilitamani kweli, kwa nguvu, hadi meno yaliniuma. Tangu siku ile wamenitazama watu milioni ngapi sijui, na hakuna aliyewahi kunitazama vile.

Kwa hiyo usinione nimekaa kwenye ngazi ukadhani ni wewe tu mwenye wivu katika ukoo huu.

Ludmila


Velka
5 Mei 1952

Mdogo wangu,

Mama amepona. Amekonda, lakini ulimi wake haujakonda. Sisi wengine wazima.

Ni mimi, ndiyo. Nilikuwa nimekwisha andaa uongo mzuri wa kukujibu, lakini kwa yale maganda ya mahindi umenifungia mlango.

Nikueleze ilivyokuwa. Trask alipouliza kama tunamjua Corinne Vale, nilikusudia kusema hatumjui. Naapa. Nikamtilia kahawa. Akaiona picha yako sebuleni, akatabasamu kama paka. Bado ningeweza kusema tumeinunua dukani, kila nyumba inayo. Halafu alipokwenda kuvaa koti akaiona ile ya korido.

"Na huyu bibi harusi nani?"

"Mimi."

"Wewe?" akasema.

Namna alivyosema hilo "wewe", Ludmila! Alinitazama kuanzia aproni hadi soksi, akaitazama picha, akawa kama anayemsikitikia mtu. Basi nikamwambia, "Vua koti, ukae." Nikamweleza yote. Nilimwonyesha hata mguu wangu. Nilizungumza hadi kahawa ikaisha, na nilijisikia vizuri, sitakudanganya. Nilijisikia vizuri siku tatu. Siku ya nne nilianza kumngoja mtu wa posta kwa hofu.

Makala ilipotoka, Bibi Kubat jirani yetu alimsomea Mama neno kwa neno, mimi nikiwa zizini. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa wima kitandani.

"Kumbe nimekufa," akasema. "Ndiyo maana leo magoti hayaniumi."

Sikujua nicheke au nikimbie.

"Yule mdogo kasema sipo," akaendelea. "Na wewe mkubwa ukanisomea maneno ambayo hayakuandikwa, halafu ukaenda kumshtaki kwa mgeni. Nani kati yenu amenitendea vibaya zaidi?"

"Sijui, Mama."

"Na mimi sijui. Niletee supu."

Tangu siku hiyo hataki nimsomee chochote. Bibi Kubat ndiye anayekuja. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na ni kubwa kuliko unavyofikiri, kwa sababu saa ile ya kusoma ilikuwa yangu mimi na yeye peke yetu. Nilikuwa na kitu ambacho hukuwa nacho, nami sikukiona.

Ota hakunisemesha wiki nzima. Siku ya nane akasema, "Ungemwandikia yeye, si yule mwenye viatu." Ni maneno machache, lakini kwa Ota ni hotuba.

Naomba msamaha kwa kazi yako. Siombi msamaha kwa kukasirika. Ulichonieleza kuhusu trekta nimekisoma nikiwa nimesimama, nikakisoma tena nimekaa. Miaka yote nilidhani siku ile ulikuwa umeudhika kwa sababu koti lilikuwa zito.

Dada yako,
Bozena


Kansas City, Missouri
14 Septemba 1952

Dada Bozena,

Shikamoo. Nimo safarini. Hakuna studio nyingine iliyonichukua, lakini kiwanda kimoja cha makochi kimenichukua. Nazunguka mji hadi mji, nafungua maduka, nakaa kwenye kochi, nasaini zile picha za ngazi. Nywele nimeziacha zirudi rangi yake. Mwenye kiwanda alinung'unika, kisha akasema watu wanatazama miguu.

Ninakula. Nimenenepa paundi tisa na sijamwomba mtu radhi.

Nitakuwa Omaha Jumamosi tarehe 11 Oktoba, saa sita mchana. Ni saa mbili tu kwa gari kutoka kwenu. Sitathubutu kuja Velka nisipoitwa. Lakini wewe ukija Omaha, usipange foleni. Pita mbele moja kwa moja, sema wewe ni nani.

Ludmila


Velka
23 Oktoba 1952

Mdogo wangu Ludmila,

Mahindi tumevuna, Hedvika ameng'oa jino la tatu, na Mama anakusalimu. Amesema hivyo mwenyewe, "msalimie," bila kuulizwa.

Najua ulinitafuta. Najua kwa sababu nilikuona ukinitafuta.

Nilikuja Omaha. Ota alinishusha pembeni, akaenda kutazama matrekta. Nilivaa kofia ya buluu na nikapaka rangi ya mdomo, mara ya kwanza tangu harusi, nikaifuta, nikapaka tena. Foleni ilitoka nje hadi kwenye duka la mkate. Wote wanaume, na wake zao wamewashika mikono. Nikaingia kwa mlango wa pembeni nikasimama nyuma ya makabati ya nguo, mahali ambapo kuna kioo kikubwa, na kwenye kioo nilikuona vizuri.

Nilifikiri nitakuonea huruma. Nilijiandaa kwa huruma njia nzima; ingekuwa rahisi sana. Halafu ukacheka na bibi mmoja mzee, ukamshika mkono, na nywele zako za kahawia zikaanguka usoni, na ulikuwa mzuri kuliko kalenda. Wivu ukanipanda kama siku ya kwanza. Kwenye kochi la kuuza! Huna kazi, huna studio, umenenepa, na bado duka zima linakugeukia. Nikajiuliza nitafanya nini na moyo huu.

Hapo ndipo yule mwanajeshi mwenye mkongojo alipokufikia. Alitoka Korea, nilimsikia akisema. Akakuambia alikuwa na picha yako hospitalini, na alipokatwa mguu alikuwa anafikiria jinsi wewe ulivyoimba na wako umevunjika, na hilo lilimsaidia. Nikasema moyoni, hapa hatasema kweli. Hapa hata mimi nisingesema kweli. Ningemwacha kijana na faraja yake.

Wewe ukamwambia akae kwenye kochi. Ukasema, "Huyo sikuwa mimi. Ni dada yangu, anaitwa Bozena, anaishi Velka. Mimi nilikuwa nimeshika koti lake. Lakini kuimba aliimba, nilikuwepo, na hata sasa anatembea." Ukamweleza yote, nguzo, na Baba na kofia yake. Hukupunguza, hukuongeza. Ulieleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi mwenyewe. Yule kijana akauliza, "Bado anaimba?" Ukasema, "Sijui. Sijawahi kumwuliza."

Ungegeuka wakati ule ungeniona.

Sikuja mbele. Usidhani ni kiburi, au basi, ni kiburi kidogo. Kulikuwa na mpiga picha wa gazeti la Omaha pale karibu na taa. Ningetokea, ungenikumbatia, angetupiga picha, na kesho yake tungekuwa gazetini tena, wewe na mimi, tukifanywa hadithi. Sikutaka. Nikatoka nikamkuta Ota, nikamwambia turudi. Njiani nililia hadi tulipofika daraja la mto Platte, naye alikuwa na akili ya kutosha kutouliza.

Mama nilimweleza jioni hiyo hiyo, kila neno, na safari hii sikubadilisha chochote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwandikie aje." Nikamwambia, "Wewe unataka aje?" Akasema, "Mimi nilitaka aje tangu alipoondoka. Nangoja wewe utake."

Basi nakuandikia. Kuimba, siimbi. Niliacha, na nilikuwa nakulaumu wewe kwa hilo, wakati wewe ulikuwa shule ya msingi. Siahidi kwamba wivu utaniisha. Ukiingia mlangoni Ota atanyoosha shati, Hedvika atakung'ang'ania sketi, Mama atakutolea kikombe kizuri, na mimi nitakuwa jikoni nakata vitunguu kwa hasira. Nivumilie. Na wewe ukiona Mama ananiita mimi kumfunga viatu badala yako, utaumia, nami nitakuona, na nitafurahi kidogo. Nivumilie na hapo.

Treni haisimami Velka Jumapili. Njoo Jumatano, ile ya saa nne asubuhi. Nitakuja stesheni mwenyewe, peke yangu, na nitafika mapema.

Dada yako,
Bozena